Mchezaji wa mapiko utamtuza vipi?

Likija suala la kuwaenzi wasanii wakongwe, macho huelekea Dar es Salaam, kwa waimbaji ambao sura zao zinajulikana nchi nzima. Huku Mtwara na Lindi tunadai wa kwetu nao wakumbukwe. Dai hilo naliunga mkono, ila lina mtego ambao mzee wa Newala ataung'amua mapema kuliko mwandaaji wa hafla.

Chukua mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kukivaa kichwani, na mwili hufunikwa nguo gubigubi. Akitoka uwanjani wakati wali, yaani vijana waliotahiriwa, wanaporudi kutoka jandoni, kwa mila hatakiwi kujulikana. Akina mama na watoto waone lipiko, yaani huyo aliyevaa kinyago, wasimwone fulani wa nyumba ya pili. Sasa umwite jukwaani kwa jina, umvishe nishani, umpige picha? Wazee wanaokataa hawana wivu. Wanalinda kile kinachoifanya ngoma hiyo iogopwe na kupendwa. Hata sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, ina ugumu wake: tuzo apewe mpiga ngoma, anayeanzisha wimbo, au kijiji kizima?

Hoja ni nzito, lakini nimeona inavyotumiwa vibaya. Tukishasema sanaa ni ya jamii, mara nyingi hakuna anayelipwa, wala jina lake haliandikwi popote. George Lilanga, mchoraji na mchongaji Mmakonde aliyezaliwa Kikwetu, Lindi, mwaka 1934, kazi zake za mashetani zilifika Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2005, na vijana wengi ninaokutana nao Lindi mjini hawajawahi kulisikia jina lake. Mwaka huohuo Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, huko Uingereza. Ilimkuta angali na sauti, akaendelea kupanda jukwaani kwa miaka kadhaa hadi alipofariki mwaka 2013. Heshima ikija mtu yungali kazini, watu hupata nafasi ya kumfuata na kumsikiliza.

Kuna mzee mchonga vinyago niliyekaa naye chini ya mkorosho wake. Tezo ilikuwa mkononi, anaubandua mpingo ule weupe wa nje mpaka weusi utokeze, vumbi limemjaa kwenye kope. Ndani, ukutani, kinaning'inia cheti cha kushiriki maonyesho fulani, pembe moja imeliwa na mchwa. Nilimuuliza angependa apewe nini. Akataka gogo la mpingo lisilo na ufa, lenye kibali, na kijana wa kukaa naye.

Kwangu mimi, hapo ndipo tuzo ianzie. Mchongaji atajwe kwa jina, maana kazi yake huuzwa na wengine kila siku bila jina hilo. Apewe akiwa bado ana nguvu za kushika tezo, na fedha ziende kidogo kidogo, kila mwezi, zimtunze yeye na wanafunzi wawili. Hundi kubwa ya siku moja huisha kwenye madeni na wageni. Majina yapendekezwe vijijini, wazee wa jando na makungwi wakiwamo kwenye kikao.

Na kwa mapiko, tuzo ikabidhiwe kikundi. Aliyevaa kinyago aje nao akitaka, achezee tuzo yake uwanjani, kisha aondoke akiwa amefunikwa vilevile.