Barua ya onyo na kipara changu

Jamani mimi ni mtu mzima, nina kipara cha urithi na shati linapigwa pasi kila siku umeme ukiwepo, halafu jana nakabidhiwa barua ya onyo yenye muhuri eti ni "disgruntled", yaani mwenye manung'uniko, na "unkempt", yaani asiyejitunza. Kisa? Niliuliza kwenye kikao hela ya ovataimu iko wapi. Basi.

Bando lote la usiku likaishia kwenye kamusi. Asubuhi moja kwa moja kwa kijana wa HR.

"Karibu mzee wangu."

Nikamuuliza, hii dis ya disgruntled ukiitoa nabaki nani? Akasema kwa kujiamini, unabaki gruntled, mfanyakazi mwenye furaha. Nikamwambia mwanangu, dis ya humu haikanushi, inakoleza! Gruntle ni kuguna kidogokidogo, ndo mguno wa nguruwe huo, halafu karne ya 17 wakaiongezea dis, yaani kuguna mpaka basi. Hiyo gruntled ya furaha imezuka karne ya 20, watu walikuwa wanatania. Kwa hiyo ofisi imeniita nguruwe, kwa maandishi, nakala kwa mhasibu!

Akaangalia barua, akaangalia mlango. "Mzee wangu, ile ni templeti tu."

Templeti! Haya tuje kwenye unkempt. Un ya hapo kweli inakanusha, kempt ni aliyechanwa nywele, limetoka kwenye kitenzi chao cha kale cha kuchana. Nikavua baraghashia. Nikainamisha kichwa mezani kwake ajionee mwenyewe. Nichane nini? Mama wa chai akashindwa kujizuia, akatoka na birika lake. Mimi hapo nimekaza uso, namwambia hilo sio kosa mwanangu, hiyo ni taarifa sahihi kabisa.

Akanisukumia kalamu. "Sasa mzee wangu, saini hapa kwamba umeipokea."

Yaani hawa wenye Kiingereza chao wenyewe kinawashinda. Inflammable, kitu cha kushika moto, in yake nayo haikanushi, mpaka miaka ya 1920 kule Marekani watu wa kinga ya moto wakaanza kuhimiza iandikwe flammable, wakihofia mtu ataisoma kinyume aungue. Na yule mfalme wa Uingereza ya kale, Æthelred, aliyeanza kutawala 978, jina lake lina maana ya shauri bora, waliokuja baadaye wakampachika Unræd, shauri bovu, leo wanamwita Unready, yaani hajawa tayari, utafikiri kaachwa na daladala.

Ovataimu sasa! Barua nzima haijatajwa hata kwa bahati mbaya! Mtu umelala ghalani siku ya Idi unahesabu magunia, malipo yako ni Kiingereza!

Na gesi imekata jana wali haujakauka maji, wife ananiangalia tu. Nani ana namba ya yule dogo wa gesi anayekopesha? Wa mtaani kwetu ameshaniblock.