Hoja ya simu ndogo inamtetea filter, si splice

Miongoni mwa madevelopa wa Dar es Salaam kuna hoja inayopata heshima haraka kwa sababu inaanza kwa kumjali mteja. Inasema: watu wetu wanatumia simu ndogo, RAM ya giga 1 au 2, basi ukitaka kuondoa kitu kimoja kwenye arei (orodha ya vitu) ya JavaScript, lugha ya programu za kwenye kivinjari, tumia splice, inayokata palepale. Filter, inayochuja vya kubakisha, iache, maana inaunda arei nyingine nzima kwa ajili ya kutupa kitu kimoja tu. Kujali simu ya mteja ni sahihi kabisa. Anayetengeneza programu itakayotumika Mbagala na Gongo la Mboto, halafu akaijaribu kwenye kompyuta ya mezani peke yake, kazi hajaimaliza. Lakini hesabu ya hoja hii, ukiipiga hadi mwisho, haifiki inakodhaniwa.

Chukua programu ya muuza vitenge wa jumla Kariakoo, yenye oda 1,000 kwenye orodha moja. Filter hainakili oda zenyewe, yaani majina ya wateja, bei na anwani. Inanakili rejea tu, zile namba zinazoonyesha kila oda imehifadhiwa wapi. Kwenye Chrome, tangu toleo la 80 la mwaka 2020, kila rejea huchukua baiti 4. Kwa hiyo arei mpya ya oda 1,000 ni baiti 4,000 na ushee. Sasa tazama picha moja ya kitenge kwenye skrini hiyohiyo, pikseli 400 kwa 400. Hata kama faili lake limebanwa likawa dogo, kivinjari kikishalifungua ili kulichora, kila pikseli inataka baiti 4, na jumla inakuwa baiti 640,000. Picha moja hiyo ina uzito wa nakala 160 za orodha nzima ya oda. Skrini ya bidhaa kumi na mbili ina picha kumi na mbili. Anayeihurumia RAM ya mteja aanze kwenye picha, apunguze vipimo vyake, acheleweshe zile ambazo bado hazijafikiwa kwa kuteleza chini. Huko ndiko kumbukumbu inakoliwa.

Tena splice yenyewe haigusi kitu kimoja tu. Ukitoa cha mwanzo kwenye arei ya vitu 1,000, vile 999 vilivyobaki vinapaswa kusogea nafasi moja, na juu ya hapo splice inaunda arei mpya ndogo ya kukurudishia ulichokitoa. Ukitaka kufuta oda mia zilizokwisha kulipwa kwa splice moja baada ya nyingine, usogezaji huo unarudiwa kila mara, wakati filter inapita orodha mara moja tu ikamaliza. Na anayeita splice ndani ya mzunguko unaohesabu kwenda mbele ataruka vitu, kwa kuwa kilichofuata kimeshasogea kwenye nafasi aliyokwisha kuipita.

Hayo ni ya kasi na kumbukumbu, na kwa orodha za kawaida yana uzito mdogo pande zote mbili. Lenye uzito ni hili. Msimbo wa kufuta unaoandikwa mara nyingi ni `oda.splice(oda.indexOf(x), 1)`: indexOf inatafuta nafasi ya oda x, splice inakata kimoja kuanzia hapo. Kama x haipo kwenye arei, indexOf hurudisha -1. Splice haiichukulii -1 kuwa kosa: kwake maana yake ni nafasi ya kwanza kuhesabu kutoka mwisho. Basi inafuta kitu cha mwisho. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna mstari mwekundu popote.

Mtu atasema x haiwezi kukosekana, kwa kuwa mteja amebonyeza kitufe kilicho mbele ya oda anayoiona. Inawezekana, na mtandao wa simu ndio unaoleta hali hiyo. Mteja yuko kwenye daladala, mawasiliano yanasuasua, anabonyeza Futa, haoni badiliko, anabonyeza tena. Mara ya kwanza oda yake inaondoka vizuri. Mara ya pili x haipo tena, jibu ni -1, na oda ya mwisho inaondoka bila kuombwa. Au mawasiliano yamekatika, yamerudi, programu imechukua orodha upya kutoka kwenye seva. Oda zinaonekana zilezile, ila kwa JavaScript ni vitu vipya, na indexOf hailinganishi yaliyomo ndani ya kitu, inaangalia kama ni kitu kilekile. Ile x ya zamani haipatikani. Na kwenye orodha inayopanga oda kwa kufuatana na muda, ya mwisho ndiyo mpya kuliko zote, ile ambayo hakuna aliyekwisha kuianza wala kuikumbuka. Muuzaji atasubiri hadi mteja apige simu kuuliza mzigo wake uko wapi. Filter ikiambiwa ibakishe zote isipokuwa yenye kitambulisho fulani, na kitambulisho hicho hakipo, inabakisha zote. Kubonyeza mara mbili hakumdhuru mtu.

Wanaotetea splice wana hoja zao za kweli. Filter haikuambii imetoa nini, splice inakurudishia, na hilo ni msaada unapotengeneza kitufe cha Tendua. Filter ikipewa sharti lililolegea hufuta vyote vinavyolingana: ukiwa na malipo mawili ya shilingi 5,000 ukachuja kwa kiasi, yote mawili yanakwenda. Vue, zana ya JavaScript ya kuchora skrini, hufuatilia splice na kuchora upya bila shida, tofauti na React, zana nyingine ya kazi hiyo, ambayo ikipewa arei ileile ya mwanzo huona hakuna kilichobadilika. Na mchezo unaochora skrini mara 60 kwa sekunde, ukiunda arei mpya kila mara, utaipa simu ndogo kazi ya kusafisha kumbukumbu bila kupumzika. Hapo splice ina haki yake, mradi namba ya nafasi imekaguliwa kwanza kuwa si -1. Amri ya delete, ambayo nayo hufuta, haina nafasi katika mjadala huu. Inaacha pengo, na urefu wa arei unabaki uleule.

Toleo la mwaka 2023 la lugha lilileta toSpliced, inayokata kama splice lakini juu ya nakala, na wengi wameipokea kama suluhisho. Hapa ndipo simu ndogo inapopaswa kukumbukwa kweli. Chrome inayo toSpliced kuanzia toleo la 110. Simu za Android 6 zilikomea Chrome 106. Mwenye simu hiyo akibonyeza Futa, programu inakatika na kosa kwamba toSpliced si fanksheni, wakati filter, iliyoingia kwenye lugha rasmi mwaka 2009, inafanya kazi kwenye simu hiyohiyo bila nyongeza yoyote. Timu inayotaka nakala na wakati huohuo inahitaji kufuta kwa namba ya nafasi inaweza kuita `oda.slice()` kwanza, ikague namba, kisha itumie splice juu ya nakala hiyo. Ni mistari mitatu badala ya mmoja, na inakwenda hata kwenye Chrome 106.