Udaktari wa Mtandaoni, Baraza la Nyalenda

Kuna wenzetu wanaotaka wakutubi wasomee udaktari, ile shahada ya juu kabisa, kwa njia ya mtandao, nami nina la kusema. Kwanza, ukitaka kujua maktaba ya umma inahesabiwaje nchini Kenya, fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kwenye orodha ya kazi za kaunti utaikuta imebanwa nyuma ya kamari, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Sina ugomvi na mpangilio huo. Watu hustarehe kwa njia nyingi. Shida ni kwamba kazi hii ikiwa mikononi mwa kaunti, zilizoanza kazi 2013, anayesimamia maktaba Kisumu, Kakamega au Nakuru anagombea bajeti na watu wa leseni za baa, na baa huingiza pesa.

Mtu wa namna hiyo anahitaji masomo gani? Jibu la kawaida kwetu ni PhD, udaktari wa utafiti. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vinavyomtaka mhadhiri awe nayo, na shahada hiyo ikazidi kuwa tiketi ya kuingia chuoni. Yanayofuata tunayajua. Mkutubi hodari anajiandikisha, anasumbuka na tasnifu miaka nenda miaka rudi, na siku akivaa joho anahamia chuo kikuu. Maktaba inabaki na mlinzi na wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya kazini.

Ndiyo sababu nawaunga mkono wenzetu wanaotaka ule udaktari mwingine, wa watu wa kazi badala ya wahadhiri, unaosomwa mtandaoni huku mtu akiendelea na kazi, katika uongozi wa habari na ushirikishaji wa jamii. Wanaoubeza kuwa ni PhD ya njia ya mkato hawajui historia yake. Harvard ilianza udaktari wa elimu wa aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na tangu 2007 vyuo kadhaa vya Marekani vimeungana chini ya mradi wa Carnegie wa udaktari wa elimu kuufanyia marekebisho, na nguzo yao mojawapo ni kwamba utafiti uanzie kwenye tatizo la kazini kwa mwanafunzi mwenyewe.

Matatizo ya kazini hapa hayahitaji kutafutwa. Ingia maktaba yoyote ya mjini muhula wa tatu. Viti vyote vimejaa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na kila mmoja amekuja na madaftari yake na karatasi za moko, mitihani ya majaribio, kutoka shule tatu tofauti. Rafu haziguswi. Wamefuata meza, taa na utulivu, kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja na televisheni ni ya wote. Mkuu wa maktaba akiulizwa kwenye bunge la kaunti kwa nini anunuliwe vitabu ambavyo haviazimwi, atajibu nini? Hilo ni swali la udaktari kabisa, na mtu anayelala akiliwaza atalijibu vizuri kuliko mgeni aliyepita na dodoso.

Sasa upande wa shubiri. Ukiusomea Marekani, darasa la saa moja jioni New York ni saa nane usiku Kisumu, na Marekani wakirudisha saa zao nyuma linakuwa saa tisa. Unaketi na bando lako, umeomba stima isipotee, na asubuhi kazi inakungoja. Halafu kuna makaratasi. Chuo cha ng'ambo kinaweza kukupitisha kwenye kamati yake ya maadili, lakini kuwahoji watu wa hapa unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, chini ya sheria ya 2013, kibali cha kamati ya maadili ya humu nchini, na adabu ya kupita kwa chifu. Na kabla hujatuma hata dola moja, hakikisha kwamba cheti hicho kitatambuliwa na serikali. Hili nalisema kwa herufi kubwa, ila wahariri hawapendi herufi kubwa.

Lakini kinachonikosesha raha zaidi ni hilo neno jamii kwenye jina la shahada. Uongozi unaweza kufundishwa kwa Zoom. Kuketi na watu, hapana.

Nenda kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, tuseme kwenye ukumbi wa kanisa mtaani Nyalenda, Kisumu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka mwananchi apewe habari kwa wakati. Anachopewa ni kitabu kinene cha Kiingereza na majedwali, nakala chache, kinapita mkono kwa mkono kama sadaka. Wazee wako mbele. Kina mama wa sokoni wako nyuma, wanatazama saa. Karatasi ya mahudhurio inazunguka haraka kuliko kitabu, kwa kuwa ndiyo italeta nauli na soda. Mtu anauliza habari ya mtaro uliofurika mbele ya nyumba yake. Afisa anaandika kwamba maoni yamepokelewa.

Hapo ndipo ningetaka kumwona mkutubi wetu mwenye udaktari. Kitabu hicho kigeuzwe kurasa nne za Kiswahili na Kidholuo, lugha ya Waluo, zikae maktabani wiki mbili kabla. Yule wa mtaro aonyeshwe kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuomba hati za mradi, na ofisi ina siku 21 za kumjibu, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu uko hatarini. Mkutubi amsaidie kuandika hiyo barua. Kisha ahesabu barua ngapi zimejibiwa, ngapi zimepuuzwa na kwa nini, na hiyo ndiyo iwe tasnifu.

Na kwa nini tuifuate Marekani? Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya sayansi ya habari, cha Maseno kina eCampus ya masomo ya mtandaoni, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake 2023. Wakikaa pamoja, hawa watatu wanaweza kuanzisha udaktari huu kwa ada ya shilingi, darasa likawa saa moja jioni ya huku kwetu. Masharti yangu ni mawili. Mwanafunzi asiruhusiwe kuacha kituo chake cha kazi hadi amalize. Na kwenye jopo la kumtahini, kiti kimoja kiwe cha mama mmoja wa pale nyuma ya ukumbi, mwenye haki ya kuuliza kwa Kidholuo na kujibiwa kwa Kidholuo.