Picha ya karatasi yashinda mitambo: Fomu 34A na siasa za mtandaoni Kenya

Mjadala kuhusu teknolojia na siasa nchini Kenya hauchukui muda kabla haujaishia kwenye mambo mawili: seva zinazodaiwa kudukuliwa na kampuni za kigeni zinazodaiwa kututeka akili kwa matangazo ya mitandaoni. Yote mawili yana uzito wake, na nitayagusa. Hata hivyo, kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi ambalo intaneti imewahi kuufanyia uchaguzi wetu halikuhitaji ujanja wowote. Ni tovuti ambayo tume ya uchaguzi, IEBC, iliifungua Agosti 2022 na kuweka humo picha za fomu zilizojazwa kwa mkono katika vituo 46,229 vya kupigia kura, ili mtu yeyote mwenye simu azifungue na ajisomee mwenyewe.

Fomu hiyo, 34A, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha matokeo ya urais. Baada ya kura kuhesabiwa kituoni, mara nyingi usiku na kwa mwanga wa taa za betri, msimamizi wa kituo huandika idadi ya kura alizopata kila mgombea na zile zilizokataliwa, mawakala wa vyama hutia saini na kupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni, kisha kifaa cha KIEMS, mfumo wa kielektroniki wa tume wa kuwatambua wapigakura na kutuma matokeo, huipiga picha karatasi hiyo na kuituma. Kwa miaka mingi kile kilichoandikwa kituoni kilichukuliwa kuwa matokeo ya muda tu yanayosubiri baraka za Nairobi. Kesi iliyowasilishwa na mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake iliugeuza mtazamo huo: mnamo Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na kwamba mwenyekiti wa tume hana mamlaka ya kuyabadilisha akiwa jijini. Bila uamuzi huo, tovuti ya 2022 ingekuwa pambo, kwa sababu hakuna maana ya kuwaonyesha watu karatasi ambayo mkubwa fulani anaweza kuisahihisha baadaye.

Tulifika hapo kwa njia ndefu na ya gharama. Mwaka 2013 tuliahidiwa uchaguzi wa kidijitali. Vifaa vya kuwatambua wapigakura vilizima katika vituo vingi, vingine kwa sababu tu betri zilikwisha chaji, na mfumo wa kutuma matokeo ukakwama kabla ya kazi kukamilika. Kabla haujakwama, ulikuwa ukionyesha kura zilizokataliwa kwa wingi wa kutisha, na tume ikaja kueleza kwamba kosa katika programu lilikuwa likizidisha idadi hiyo mara 8. Kwa siku kadhaa taifa zima lilibishana juu ya hatima ya kura ambazo hazikuwapo. Hiyo ndiyo hatari ya tarakimu isiyo na karatasi nyuma yake: ikikosewa, raia hana pa kuikagua, na ikiwa sahihi, hana sababu ya kuiamini.

Mwaka 2017 kosa hilo lilirudi likiwa kubwa zaidi. Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia katika tume, aliuawa siku chache kabla ya kura kupigwa, na hadi leo kivuli cha mauaji hayo kimeutanda kila mjadala kuhusu seva. Usiku wa uchaguzi, tarakimu za Uhuru Kenyatta na Raila Odinga zilianza kumiminika kwenye tovuti ya tume na kwenye skrini za Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura jijini Nairobi, lakini fomu zilizopaswa kuambatana nazo hazikuonekana. Matokeo yalipotangazwa tarehe 11 Agosti, maelfu ya Fomu 34A yalikuwa bado hayajapokelewa. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, tume ilijitetea kwamba vituo zaidi ya 11,000 vilikuwa nje ya mtandao wa kasi, jambo ambalo majaji walilijibu kwa hoja nyepesi kueleweka: hali hiyo ilijulikana mapema, na wasimamizi wangeweza kusogea hadi mahali penye mtandao. Mahakama ya Juu iliamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe, tume ikasitasita, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa kwa kura 4 dhidi ya 2. Kilio cha “fungua seva” kilienea kuanzia mabungeni hadi matatuni. Nilikielewa kilio hicho, ila kila nikitafakari naona kilikuwa na kasoro. Seva ikifunguliwa, watakaoisoma ni wataalamu wachache, na sisi wengine tutabaki kuchagua mtaalamu wa kumwamini, kwa kawaida yule wa upande wetu.

Katika kipindi hicho hicho mikono ya kampeni ilikuwa ikifanya kazi gizani. Machi 2018, Channel 4 ya Uingereza ilirusha video zilizorekodiwa kwa siri ambamo mkurugenzi mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni, alijigamba kwamba kampuni yake iliendesha kampeni za Kenyatta za 2013 na 2017, ikakibadilisha chama sura mara mbili, ikaandika manifesto na kufanya duru mbili za utafiti wa watu 50,000. Jubilee, chama cha Kenyatta, kilisema kazi yao ilikuwa ya kukipa chama mwonekano tu. Nami nashauri tuyapime maneno ya muuza huduma anayetafuta mteja kwa mizani ile ile tunayoyapimia maneno ya mwanasiasa. Chenye ushahidi ulio wazi zaidi ni kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani, ambayo shirika la Privacy International liliihusisha na tovuti iliyomchora Raila kama kiongozi atakayeitumbukiza nchi gizani, tovuti ambayo matangazo yake yalimngojea Mkenya aliyekuwa akitafuta habari za uchaguzi kwenye Google. Hofu kama hizo hazikuvumbuliwa Texas. Zilikuwapo katika mikutano ya hadhara na redio za lugha za mama tangu zamani. Teknolojia ilizipa tu njia ya kumfikia mtu akiwa peke yake na simu yake, mahali ambapo hakuna mpinzani wa kujibu.

Kilichonikera zaidi kilitokea Juni 2021 na hakikuhusisha mzungu yeyote. Msajili wa Vyama vya Siasa aliwawezesha wananchi kukagua kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama wamesajiliwa katika chama, na Wakenya wengi, wakiwemo watu ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wa siasa, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo vingine hawakuwahi kuvisikia. Mtu fulani alikuwa na majina yao na nambari zao za vitambulisho, na kila aliyewahi kuandika vitu hivyo katika daftari la mlinzi kwenye lango la jengo la ofisi anaweza kukisia vilivyovuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwapo tangu 2019. Tazama lakini jinsi uovu huo ulivyofichuka: kwa ukurasa mdogo tu wa serikali unaomruhusu mtu kuuliza rekodi yake mwenyewe inasema nini.

Mantiki hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya tovuti ya Fomu 34A. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi yaliyofanywa kabla ya kura ya 2017, katika kifungu cha 39(1C), yanaitaka tume ichapishe fomu za matokeo ya urais katika tovuti iliyo wazi kwa umma. Mwaka 2022 takwa hilo lilitimizwa kwa namna ambayo wengi hatukuitarajia: kura zilipigwa tarehe 9 Agosti, na kufikia siku iliyofuata zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa mtandaoni. Ilikuwa raha kuziangalia. Zilikuwapo zenye mwandiko wa kupendeza na zenye mwandiko wa mtu ambaye hajalala, zilizokunjika pembeni, zilizopigwa picha kwa pembe mbaya, na zilizokatwa tarakimu kisha kuandikwa upya kwa saini. Mtu wa Lodwar, kaskazini, aliweza kusoma matokeo ya kituo cha Kwale, pwani. Vijana wanaojua kuandika programu walizipakua zote na kuzijumlisha, na fomu bandia zilipoanza kusambaa WhatsApp, ilitosha kutafuta kituo husika na kuilinganisha na ile halisi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Dosari zilikuwapo, na kubwa ilikuwa kwamba tume ilitoa picha bila kutoa jumla inayoendelea. Kazi ya kujumlisha ikaangukia vyombo vya habari, kila kimoja kikianza na maeneo yake na kwa kasi yake, hata ikawa runinga moja inaonyesha Raila akiongoza huku nyingine ikimweka William Ruto mbele. Waliokuwa na haraka ya kushangilia walichagua stesheni iliyowafurahisha. Naelewa kwa nini tume ilikwepa kutoa jumla baada ya yaliyoikuta miaka iliyotangulia, lakini pengo lile liliwaachia waongo nafasi ya siku kadhaa bila sababu ya msingi.

Tarehe 15 Agosti ukaja mtihani wenyewe. Mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila, huku makamishna wanne wakiongozwa na Juliana Cherera wakiyakana matokeo. Kesho yake wakaeleza kwamba asilimia za wagombea zilifikia 100.01, na kwamba ile 0.01 ya ziada ni sawa na kura 142,000. Mwanafunzi wa shule ya msingi angewaambia kwamba ni takriban 1,420, na ni mambo ya kukadiria desimali tu. Miaka iliyopita dai kama hilo lingeweza kuwasha moto, kwa kuwa lilitoka kwa watu wa ndani. Safari hii liligongana na ukweli kwamba fomu zilikuwa zimekwisha kuonekana na kila aliyetaka, na kwamba hata waliompinga Ruto walikuwa na nakala zao walizopewa kituoni.

Mahakamani ilidaiwa kwamba fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kufika kwenye tovuti. Majaji waliagiza ukaguzi, na hawakukuta tofauti ya maana kati ya fomu za mtandaoni na zile za karatasi zilizopelekwa Bomas. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome iliidhinisha matokeo kwa kauli moja. Sidai kwamba fomu inathibitisha uchaguzi ulikuwa wa haki kwa kila kipimo, maana haisemi nani alihongwa unga na nani alitishwa asitoke nyumbani. Inaeleza kilichohesabiwa kituoni, na hilo ndilo lililokuwa likituletea vifo.

Thamani ya jambo hili huonekana zaidi ukitazama majirani. Uganda ilizima intaneti nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 2021 na kuirudisha siku kadhaa baadaye, na Tanzania ilibana mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. Wakala wa chama mwenye picha nzuri ya fomu yake katika mazingira hayo ana picha isiyokwenda popote, hadi matokeo yatakapokuwa yametangazwa na mshindi kuapishwa. Kwa hiyo kuacha mtandao ukifanya kazi usiku wa kuhesabu kura ni sehemu ya kuhesabu kura, na inafaa iandikwe katika sheria badala ya kutegemea hisani ya waziri.

Kenya nayo haijamaliza kazi. Kifungu cha 39(1C) kinazungumzia urais peke yake, ilhali mpigakura hutia karatasi 6 katika masanduku 6 siku ile ile. Fomu 37A za ugavana, 38A za useneta, 35A za ubunge, 39A za wawakilishi wa wanawake na 36A za wawakilishi wa wadi hujazwa katika vituo vile vile, na watu wale wale, na hapana sababu ya kiufundi ya kifaa kilichopiga picha ya 34A kushindwa kupiga picha ya nyingine tano. Anayefuatilia kesi za uchaguzi anajua kwamba ugomvi wa wadi na maeneo bunge ni mwingi, na wanaogombana huko hawana fedha za kuajiri mawakili wa hadhi ya wale wanaotetea kura za urais. Kila picha inafaa iambatane na jedwali la tarakimu ambalo kompyuta inaweza kulisoma, pamoja na jumla ya tume yenyewe inayosonga kadiri fomu zinavyoingia, ikieleza bayana ni vituo vingapi bado na viko wapi. Tume mpya chini ya Erastus Ethekon iliapishwa Julai 2025, na uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Bunge lina muda wa kurekebisha kifungu kimoja, endapo wabunge watakubali fomu zao wenyewe nazo zisomwe na watu wa Lodwar na Kwale.