Gari-nyumba lisigeuke tanuri

Kinachoniudhi kuhusu magari-nyumba, yaani magari yenye vitanda na jiko ndani, ni kwamba yanauzwa kama makazi, lakini jua kali likiwaka hayakaliki. Kuta nyembamba, paa bapa linalopigwa na jua kutwa nzima, na pale mbele kioo kipana kuliko dirisha la sebuleni. Kioo hicho ndicho adui mkubwa. Mwanga unapenya, unapasha dashibodi na viti, na joto linabaki humo humo. Halafu unapewa pazia la kuweka kwa ndani! Kwa ndani, jua limeshapita kioo. Kinga ya maana ni ile inayofunika kioo kwa nje, na hiyo mara nyingi unajinunulia mwenyewe.

Utaambiwa washa kiyoyozi. Kwa umeme gani? Kiyoyozi cha paani huweza kula wati 1,500. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 tu, hata saa moja haifiki. Ukiwasha jenereta, majirani hawalali.

Feni ya paani inayotoa hewa nje inasaidia, hasa ukifungua dirisha la upande wenye kivuli. Lakini nje kukiwa na nyuzi 40, hewa inayoingia ni ya nyuzi 40.

Na wenye maegesho ya magari haya wasiopanda hata mti mmoja, wanamfikiria nani? Humo wanalala watoto na wazee, watu ambao joto linaweza kuwaua. Watengenezaji waweke kinga ya nje na kuta nene tangu kiwandani.