Nagata si ile sanamu peke yake
Kuna makala niliyosoma inayosema wilaya ya Nagata, mjini Kobe, Japani, ilizaliwa upya baada ya tetemeko la ardhi la Januari 17, 1995, na ushahidi ni sanamu ya Tetsujin, roboti wa katuni za Kijapani, mita 15 hivi, karibu na stesheni ya Shin-Nagata. Nimeishi huko miaka miwili, na hapo napinga. Sanamu ilisimamishwa 2009. Wageni wanapiga picha, wanaondoka, na kwenye majengo mapya ya jirani nilizoea kukuta maduka yamefungwa mchana kweupe. Walioiinua Nagata ni watu wake. Ile ni wilaya ya viatu: karakana ndogo ndogo, huyu anakata, yule anashona, mwingine anabandika soli, na harufu ya gundi inakupokea uchochoroni. Wakorea na Wavietnamu wameifanya kazi hiyo miaka mingi bega kwa bega na Wajapani. Kanisa Katoliki la Takatori lilipoungua kwa moto wa tetemeko, msanifu Shigeru Ban alibuni ukumbi wa mabomba 58 ya karatasi, ukajengwa mwaka uleule. Ulitumika miaka kumi, kisha ukapelekwa Taiwan. Makala haina hata sentensi moja juu ya hilo! Wala juu ya sobameshi, wali na tambi zinazokatwakatwa pamoja kwenye bamba la chuma, mama muuzaji akigonga miko miwili ya chuma mbele ya macho yako hadi mvuke ukufunike uso. Kuna msomaji aliyepita vichochoro vile karibuni? Cherehani bado zinasikika?