Unyayo Wangu ni wa Tairi

Mpwa wangu karudi kutoka semina ya mazingira. Siku tatu hotelini, kiyoyozi kinapuliza mpaka akaazima sweta, na alichotuletea nyumbani ni kalamu moja na hamu ya kunipima. "Mjomba, leo tunapima unyayo wako wa kaboni."

Nikamnyooshea mguu. Namba 43 huo, nikamwambia, ila alama yake utahangaika kuitafuta, maana mimi navaa katambuga. Nikipita penye tope watu wanadhani imepita bodaboda.

Kumbe si mguu. Ni hewa ukaa. Ati kila unachokula, unachopanda na unachowasha kina moshi wake mahali, sasa programu ya kwenye simu inaujumlisha wote na kukuambia kwa mwaka umechafua dunia kwa tani ngapi. Tani! Mimi tani nimezoea kuzisikia kwenye korosho. Nikakaa mkekani kama mtuhumiwa, mama watoto naye akasogea na ungo wake wa mchele, asikose kusikia.

Swali la kwanza: mwaka huu umepanda ndege mara ngapi? Nikacheka, yeye hakucheka. Andika sifuri. Safari ndefu je? Safari yangu ndefu ni Gongo la Mboto hadi Kariakoo, na ndege nazionea hapohapo Kipawa, zinatupita juu ya kichwa sisi tumeganda kwenye foleni.

Nyumba yako inapashwa joto kwa nini: gesi, mafuta au umeme? Kwa bati, nikamjibu. Akainua macho kulitazama, akajipangusa, tone la jasho likadondokea kwenye kioo cha simu na programu ikachagua "mafuta" yenyewe. Dakika kumi zikaishia kwenye kulifuta.

Nyama ya ng'ombe mara ngapi kwa wiki? Hapo pana aibu. Robo kilo, watu saba, Jumapili ya baada ya mshahara. Mpwa akanieleza kwamba ng'ombe akicheua anabeua methani, gesi inayopasha dunia joto kama mara 28 kuliko hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Sawa, lakini mimi nimeletewa mchuzi na mfupa. Huko kubeua waulizwe waliokula mnofu.

Usafiri: kwenye gari mnakaa wangapi? Kisanduku kinaishia watano. Ndiyo nikajua aliyetunga programu hajawahi kuambiwa na konda "nyuma kweupe" wakati hata pa kuweka kiwiko hakuna. Mpwa anasema lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Basi igawe kwa wote, na yule aliyening'inia mlangoni, na kuku wa yule mama chini ya kiti. Halafu mimi kutoka Gongo la Mboto mpaka Tazara nilisimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo hata unyayo ni mmoja.

Tukafika jikoni. Unapikia nini? Mama watoto akaacha kupeta.

Mkaa, nikasema kwa sauti ya chini. Kwenye orodha haupo, ikabidi abonyeze "nyinginezo", na uso wake ukabadilika kama polisi aliyeona kisu. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo, mjomba, inaweza kula kilo saba za kuni, au zaidi! Na mtungi ule pale wa nini?

Mtungi wa kilo 6 upo, kweli. Umevikwa kitambaa cha kudarizi, juu yake pana ua la plastiki. Gesi ilipoisha ukastaafu. Nasikia mpango wa serikali ni ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na mimi sina ubishi. Ila gesi hawaniuzii ya buku. Mkaa wa elfu moja nanunua leo, nikala leo. Kujaza mtungi kunataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na humu ndani elfu ishirini ikiingia, mchango wa shule unainusa kabla sijaikunja.

"Na maharage?" mama watoto akadakia. "Gesi inaisha, maharage yanakutazama tu."

Majibu yakatoka: sifiki hata tani moja. Wote wakiishi kama mimi, dunia inatosha na chenji inabaki. Nikauliza hiyo chenji anayo nani. Akasema Mmarekani wa kawaida anafika tani 14 hivi, Mtanzania hafiki hata nusu tani, na hesabu hizo ni za mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Mkaa wa jikoni haumo. Yaani hata kwenye kuchafua sihesabiki!

Akaongeza kwamba waliovumisha mambo haya ya unyayo ni BP, kampuni ya mafuta. Mwaka 2004 ikatoa kikokotoo ili kila mtu ajipime. Haya sasa. Muuza gongo kaamua kutunusa midomo.

Basi nikaja na langu. Redioni nimesikia vijiji vya wilaya ya Tanganyika, kule Katavi, vinalipwa fedha kwa kutunza misitu. Mimi nina mwarobaini mmoja uani, na miaka 52 ya kutopanda ndege. Zote hizo safari nilizoacha, nalipwa wapi? Mpwa akaanza kutafuta kwenye simu, simu ikazima.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ikabidi tuipeleke kwa kinyozi mwenye jenereta, shilingi 500 kuchaji. Lile dude likawa linatema moshi mweusi mpaka kwenye kanga za jirani zilizoanikwa. Nikamuuliza mpwa, huu moshi tunamwandikia nani?

Akamtazama kinyozi. Kinyozi akapandisha bei ikawa 700.